Taa za gari zilizoingia ukungu: jinsi ya kuzing'arisha nyumbani na kuzifanya zidumu

Gari likikaa miaka kadhaa kwenye jua letu, taa zake za mbele huanza kubadilika. Kwanza huingia ukungu mwembamba kwa juu. Kisha huja rangi ya manjano, na mwishowe taa huwa kama jicho lenye mtoto wa jicho. Kwa kuwa mabadiliko huja kidogo kidogo, dereva huyazoea, asijue kwamba usiku anaendesha karibu kwa kupapasa.

Vijijini jambo hili lina uzito wake. Probox au Noah inayobeba abiria na magunia mchana ndiyo inayoamshwa usiku wa manane kumpeleka mama mjamzito kituo cha afya. Barabara haina nguzo hata moja ya taa. Pembeni wanapita watu waliotoka mnadani, mwendesha baiskeli asiye na taa, ng'ombe aliyekatika kamba, na huko mbele kuna lori lililoharibika, alama yake ni matawi ya miti yaliyotupwa barabarani. Hawa wote huonekana kwa mwanga wa gari lako tu.

Katika makala hii tunaeleza kwa nini taa hufifia, jinsi ya kuzisafisha nyumbani kwa vifaa vinavyopatikana madukani, na hatua moja ambayo wengi huiruka, kisha taa zikarudi manjano baada ya muda mfupi.

Kwa nini taa hufifia

Tumezoea kusema "kioo cha taa", lakini kwenye magari mengi ya leo si kioo. Peugeot 504 na Land Rover za zamani zilikuwa na kioo halisi, ambacho kilipasuka kwa jiwe lakini hakikugeuka manjano. Magari mengi yaliyotumika yanayoletwa kutoka Japani yana taa za plastiki ngumu iitwayo polikaboneti. Plastiki hii ni nyepesi, haipasuki kirahisi, na kiwandani huweza kufinyangwa kwa umbo lolote.

Adui yake mkubwa ni jua. Miale ya urujuanimno, ambayo macho hayaioni, huishambulia plastiki hii na kuifanya iwe ya manjano. Kwa sababu hiyo, kiwandani taa hupakwa utando mwembamba na mgumu wa kuikinga. Kadiri miaka inavyopita, jua, joto, vumbi, mchanga unaorushwa na magari ya mbele na kusuguliwa na vitambaa vichafu hula utando huo. Ukishaisha, plastiki hubaki uchi, ikapata nyufa ndogo sana na kubadilika rangi.

Kumbuka jambo hili, maana kila kitu kinachofuata kinalitegemea: ukungu unaouona ni utando uliokufa pamoja na ngozi ya juu ya plastiki iliyoungua. Kuusafisha ni kuuondoa kwa kuukwangua. Na ukishaondolewa, plastiki iliyo chini yake haina kinga yoyote mpaka uiwekee nyingine.

Mwanga unaopotea ni mwingi kiasi gani

Mwaka 2018, AAA, ambacho ni chama kikubwa cha wenye magari nchini Marekani, kilitoa matokeo ya vipimo vyake kuhusu taa. Taa zilizofifia na kuwa manjano zilitoa takriban asilimia 20 tu ya mwanga wa taa mpya. Zilipong'arishwa, mwanga ulirudi hadi asilimia 70 hivi. Kung'arisha, basi, hakuirudishi taa kwenye upya wake, lakini kunaongeza mwanga zaidi ya mara tatu.

Sasa tupige hesabu ya barabarani. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde. Dereva akiona ng'ombe, huchukua kama sekunde moja na nusu kabla mguu wake haujafika kwenye breki. Hapo gari limeshakwenda mita 33. Breki nzuri kwenye lami kavu zitahitaji mita nyingine 35 hivi. Jumla ni karibu mita 70, na kwenye changarawe ni zaidi. Hata taa nzima zikiwa kwenye dimu, mara nyingi hazimwonyeshi mtu aliyevaa nguo nyeusi kwa umbali huo. Zikiwa na ukungu, utamwona akiwa amekwisha kufikiwa.

Ukungu una ubaya mwingine. Hutawanya mwanga huku na huku badala ya kuuacha uende mbele, hivyo humpiga machoni dereva anayekuja upande wa pili. Wewe huoni vizuri, naye haoni vizuri.

Kabla ya kununua chochote, pima kwa maji

Osha taa kwa sabuni, iache ikauke, kisha imwagie maji safi na uitazame ikiwa imelowa. Ikionekana safi ikiwa na maji na ukungu ukarudi ikikauka, tatizo liko juu ya plastiki na kazi hii itakusaidia.

Ikiwa ukungu hauondoki hata ikilowa, angalia kwa ndani. Matone ya maji au unyevu ndani ya taa ni dalili kwamba gundi inayoiziba imeachia, au kifuniko cha nyuma cha balbu hakikufungwa vizuri. Msasa wa nje hautaondoa unyevu wa ndani. Vilevile chungulia sehemu ya ndani inayong'aa kama kioo cha kujitazamia, ile inayorudisha mwanga mbele. Ikiwa imeungua au imebambuka, taa hiyo inahitaji kubadilishwa.

Vifaa

Kwenye duka la vifaa vya ujenzi au la rangi za magari, tafuta msasa wa maji wa namba 800, 1200 na 2000. Namba ikiwa kubwa, msasa ni laini zaidi. Chukua pia tepu ya karatasi wanayotumia mafundi rangi, kopo la kupulizia la vanishi isiyo na rangi ambayo mafundi huiita klia, spiriti kidogo, ndoo ya maji, sabuni na vitambaa laini vya pamba. Kwenye kopo la klia soma maelezo uhakikishe kwamba inafaa kwa plastiki na inakinga miale ya jua. Klia isiyo na kinga hiyo haitadumu.

Hatua kwa hatua

Kwanza, egesha gari kivulini, zima taa na uache zipoe. Osha taa mpaka chembe zote za mchanga zitoke, kwa sababu chembe moja ikinaswa chini ya msasa huchora mistari mirefu.

Pili, zungushia taa tepu, mikunjo miwili au mitatu, kufunika rangi ya boneti na bampa. Msasa ukigusa rangi ya gari, utakuwa umejiongezea kazi nyingine.

Tatu, loweka msasa wa namba 800 ndani ya maji kwa dakika kumi. Sugua taa kwa mkono mwepesi, kushoto na kulia, ukiilowesha mara kwa mara. Utaona maji ya manjano yanatiririka. Hiyo ni plastiki iliyoungua inatoka. Endelea mpaka maji yawe meupe kama maziwa na taa yote iwe na rangi moja. Ikiwa ukungu ni mwembamba tu, ruka namba hii na uanze na 1200.

Nne, suuza, kisha chukua namba 1200 na usugue kutoka juu kwenda chini. Tunabadilisha mwelekeo ili uone mistari iliyoachwa na msasa wa kwanza ikipotea. Usiende hatua inayofuata mpaka mistari yote ya mwanzo iishe. Kisha malizia na namba 2000, tena kushoto na kulia.

Hapa wengi huogopa, kwa sababu taa sasa ni nyeupe yote kama glasi iliyoingia baridi, na inaonekana mbaya kuliko mwanzo. Usiwe na wasiwasi. Mwagia maji uone: ikiwa safi ikilowa, umefanya vizuri.

Tano, kausha kabisa, futa kwa kitambaa chenye spiriti kidogo kuondoa mafuta ya vidole, na uache ikauke tena. Usiiguse kwa mkono baada ya hapo.

Kinga, hatua inayoamua kila kitu

Funika sehemu zote zinazozunguka taa kwa magazeti na tepu, kwa maana klia husambaa. Chagua saa ambayo hakuna upepo wala vumbi. Asubuhi mapema mara nyingi hufaa. Fanya kazi mahali penye hewa, funika pua na mdomo, watoto wakae mbali, na pasiwe na moto wala sigara karibu.

Tikisa kopo vizuri. Pulizia kwa umbali wa sentimita 20 hadi 25, ukipitisha mkono bila kusimama. Tabaka la kwanza liwe jembamba sana. Subiri muda ulioandikwa kwenye kopo, halafu pulizia la pili na la tatu. Ukilazimisha tabaka moja nene, klia itachuruzika. Vanishi huingia kwenye mikwaruzo midogo ya msasa, na taa hung'aa mbele ya macho yako. Iache ikauke siku nzima kabla ya kuiosha au kuliendesha gari kwenye vumbi.

Ikiwa klia haipatikani kwenu, njia ya pili ni kuendelea na msasa wa namba 3000 kisha kampaundi, ile dawa ya kung'arishia rangi ya magari, kwa kitambaa laini mpaka taa iwe safi. Juu yake paka nta ya magari, na urudie kila mwezi. Kinga hii ni dhaifu kuliko klia, lakini ni bora kuliko kuiacha plastiki uchi. Usichanganye njia hizi mbili: ukishapaka kampaundi au nta, klia haitashika, itabambuka.

Iko pia klia ya kuchanganya na kigumishi, inayodumu zaidi. Mvuke wake hudhuru mapafu, kwa hiyo mwachie fundi rangi mwenye barakoa inayofaa na mahali pa kupulizia.

Dawa ya meno, petroli na dawa ya mbu

Dawa ya meno ina chembe laini zinazosugua, hivyo hupunguza ukungu mwembamba. Lakini haina kinga yoyote dhidi ya jua, na ukungu mzito haiuwezi.

Petroli na thina usizitumie. Hupenya kwenye polikaboneti na kuipasua nyufa ndogo ndogo ambazo msasa hauwezi kuziondoa.

Dawa ya kujipaka ya kufukuza mbu huleta muujiza wa dakika tano. Zile zenye kemikali ya DEET hulainisha plastiki ya juu, ukungu ukaonekana umetoweka, kumbe taa imeharibiwa. Kwa hiyo mtu wa sehemu ya kuoshea magari akikuahidi kung'arisha taa kwa kufuta mara moja tu, muulize mambo mawili: anatumia nini, na baada ya kufuta ataweka kinga gani. Asipokuwa na jibu la swali la pili, fedha yako imenunua wiki chache tu.

Taa ikishang'aa, angalia inakotazama

Taa iliyorudishiwa nguvu ikitazama juu itawaumiza wengine macho. Usiku, egesha gari mahali tambarare, mita 5 kutoka ukutani, na uwashe dimu. Ukingo wa juu wa mwanga ukutani uwe chini kidogo ya usawa wa taa zenyewe, kama sentimita 5. Ukiwa juu zaidi, fundi azirekebishe kwa skrubu zake nyuma ya taa.

Mnaotusikiliza kutoka Rwanda, Burundi na Kongo, ambako magari hupita kulia, kumbukeni kwamba taa za gari lililotengenezwa kwa ajili ya Japani zimekusudiwa barabara za kupita kushoto. Kwenu, upande wake mrefu wa mwanga humwangukia anayekuja mbele. Hilo haliondoki kwa msasa. Linahitaji taa za upande sahihi.

Pia usijaribu kufidia ukungu kwa balbu kubwa. Taa nyingi zenye balbu aina ya H4 zimetengenezwa kwa wati 55 kwenye dimu na 60 kwenye fulu. Balbu ya wati 100 huongeza joto, huunguza nyaya na sehemu ya ndani inayong'aa, na mwanga wake bado utatawanywa na ukungu uleule.

Baada ya hapo

Osha taa kwa maji mengi na sabuni, usifute vumbi kavu kwa kitambaa. Gari likiwa halitembei, liegeshe kivulini, au funika taa kwa gunia safi. Kila msimu, rudia kipimo cha maji. Klia ikianza kubambuka, iondoe yote kwa msasa na uanze upya, kwa maana kupulizia juu ya iliyobambuka hakusaidii.

Kazi yote huchukua nusu siku kwa taa mbili, na muda mwingi ni wa kusubiri zikauke. Msasa hurudisha mwanga, na kinga huulinda. Ukiwa na vifaa vya nusu ya kwanza tu, subiri kwanza upate vya nusu ya pili ndipo uanze.