Mishale Mingi Ubaoni: Tabora, 1916

Tulipokuwa chuoni, kocha wetu wa soka alikuwa bingwa wa kuchora. Beki apande, kiungo arudi, mawinga wabadilishane pembe, mshambuliaji ajifanye anaondoka kisha ageuke. Ubaoni raha tupu. Uwanjani tunaangaliana: sasa zamu ya nani? Tukachapwa tatu bila na timu yenye mbinu moja tu, mpira mbele na mbio.

Nilimkumbuka kocha yule nikiwa stesheni ya Tabora, nikisubiri treni na kusoma habari za vita vya 1916.

Mwaka ule Wabelgiji na Waingereza waliutaka mji huu, moyo wa njia ya misafara ya Ujiji, ambako reli ya Wajerumani ilikuwa imefika mwaka 1912. Mpango ulikuwa na mishale mitatu. Brigedi ya Kaskazini ya Molitor ipite Rwanda na kuteremka kusini. Brigedi ya Kusini ya Olsen, Mdenmark aliyetumikia Wabelgiji, ishike Kigoma na kufuata reli. Waingereza wa Crewe watokee Mwanza. Wote waelekee Tabora, Mjerumani abanwe.

Kwenye ramani unapiga makofi. Lakini mpango wa namna hii unataka kila kipande kifike kwa wakati, na kati yao kulikuwa na pori la mamia ya kilomita. Mwanza ilitwaliwa 14 Julai, Kigoma 28 Julai, kisha kila mtu akaenda kwa kasi yake. Na tusidanganyane, kila mmoja alitaka bendera yake itangulie. Wabelgiji walipokuwa wakiumia Lulanguru na Itaga katikati ya Septemba, Crewe bado yuko njiani.

Na mishale ile ilitembea kwa miguu ya nani? Wapagazi. Mnyamwezi alikuwa akibeba pembe za ndovu hadi pwani kwa ujira, na kazi ile ilimpa heshima kwao. Safari hii watu walikamatwa. Kila kikosi kilitaka chakula chake na risasi zake, hivyo kila mshale ulioongezwa ulikuwa maelfu ya mabega mengine, kutoka Kongo, Uganda na vijiji vilivyokuwa njiani. Wengi waliuawa na maradhi na njaa, hata risasi hawakuiona. Sehemu hii vitabu vya majenerali huipita haraka mno.

Upande wa pili alikuwapo Wahle, jenerali mstaafu aliyekuja 1914 kumtembelea mwanawe, vita vikamkuta hapa. Mpango wake ulikuwa mfupi: kaa katikati, mpige anayetangulia, ondoka kabla hujazingirwa. Wabelgiji walipoingia mjini 19 Septemba, yeye ameshatoka. Upande wa mashariki, ambao Crewe angeweza kuuziba, ulikuwa wazi. Watu wa Crewe waliifikia reli siku kadhaa baadaye.

Tombeur, mkuu wa Wabelgiji, baadaye alipewa ubaroni wenye jina la Tabora, na mnara wake uko Brussels. Kwangu mimi alipata nyumba, mwenyewe akiwa ameshatokea mlango wa nyuma. Oktoba, Wahle alipenya karibu na Iringa na kuungana na wenzake wa kusini. Vita viliendelea hadi Novemba 1918, miaka miwili mingine ya mizigo.