Mvule, Saruji na Kaunta ya Jikoni Mpakani Busia

Katika baadhi ya nyumba mpya za Busia, upande wa Kenya na upande wa Uganda, kaunta ya jikoni siku hizi ni ya mbao: ubao mnene wa mvule uliopigwa randa, ukasuguliwa kwa msasa na kupakwa mafuta. Wenye nyumba huuita mtindo wa kisasa. Katika insha hii nitaonyesha kwamba jina hilo linaficha historia. Nyanya zetu hawakuwa na kaunta, lakini walikuwa na kibao cha kukatia mboga, kinu, mchi na mwiko, vyote vya mti. Kilichokuja kama kitu kipya ni saruji, nayo haikutoka mbali.

Tuanze na mpaka wenyewe. Hadi Aprili 1902 eneo hili lote, mpaka Naivasha, lilihesabiwa kuwa Uganda. Mwaka huo Waingereza waliutoa Mkoa wa Mashariki wa Uganda na kuutia katika nchi lindwa ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye iliitwa Kenya. Wasamia na Iteso wakajikuta pande mbili bila kuhama hata hatua moja. Mwishoni mwa miaka ya 1920 reli ilipita Tororo, ikafika Kampala mwaka 1931. Kisha, miaka ya 1950, Tororo ikapata kiwanda cha saruji, kwa kuwa mawe ya chokaa yalikuwa palepale, katika vilima vilivyoachwa na volkano ya kale. Ni miaka ileile Bwawa la Owen Falls lilipokuwa likijengwa Jinja, likafunguliwa na Malkia Elizabeth wa Pili mwaka 1954.

Kutoka kwenye mabwawa na madaraja, saruji ilishuka polepole hadi jikoni. Upande wa Kenya chama cha Maendeleo ya Wanawake kilianza 1952, na vikundi vyake vilifundisha usafi wa nyumbani. Sisemi mafunzo hayo yalikuwa mabaya. Sakafu ya saruji huoshwa kwa maji, na funza hawapati vumbi la kujifichia. Lakini pamoja na usafi lilikuja wazo jingine, kwamba cha mti ni cha kishamba na huficha uchafu. Wazo hilo lilikubaliwa kabla ya kupimwa. Miaka ya 1990 Dean Cliver na wenzake katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, walilinganisha vibao vya kukatia vya mbao na vya plastiki. Waliona kwamba bakteria walionyonywa ndani ya mbao hawakuongezeka, bali walikufa polepole. Bado ubao unahitaji kuoshwa na kukaushwa vizuri, jambo ambalo nyanya zetu walilifanya kila siku kwa kuanika vyombo juani kwenye uchanja.

Mvule nao una habari zake. Mbao zake hazishambuliwi kwa urahisi na mchwa wala maji, ndiyo maana maseremala huzipenda. Lakini maseremala haohao huzilalamikia, kwa sababu ndani ya gogo mara nyingine msumeno hugonga jiwe. Ni jiwe kweli: mti huu hukusanya kalisi kaboneti katika shina lake, kitu kilekile kilichomo katika chokaa ya Tororo. (Mwenzangu mmoja darasani alicheka niliposema kwamba mvule ni kiwanda cha saruji chenye majani.) Tatizo ni kuupanda. Mdudu mdogo aitwaye Phytolyma hushambulia miche, akaivimbisha machipukizi na kuyaozesha, na kwa hiyo shamba la mvule ni gumu kulistawisha. Mvule mingi tunayoiona imesimama mashambani ilisambazwa na popo, kisha wazee wakaiacha.

Sasa tazama soko. Februari 2018 serikali ya Kenya ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma na ya jamii. Mwezi huohuo marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walizindua kituo cha pamoja cha mpakani Busia. Mlango mmoja ulifungwa, mwingine ukapanuliwa. Marufuku hiyo, iliyotangazwa kuwa ya siku 90, iliongezwa tena na tena hadi 2023. Mnunuzi wa Kenya alizidi kutazama Uganda, na Kongo iliyo nyuma yake. Kaunta inayosifiwa kuwa ya asili na rafiki wa mazingira inaweza kuwa imetoka katika msitu ambao mwenye jiko hataki kuulizia.

Mjomba wangu ana mvule mmoja shambani kwake, upande wa Tororo. Chini yake ndipo watu huketi wakati wa matanga. Wachuuzi wa mbao wamekuja mara mbili. Nyanya hataki kusikia habari hiyo, lakini mjomba ana watoto wawili shuleni. Nilipomweleza kuhusu yule mdudu na ugumu wa kuotesha mwingine, alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza, “Na karo, mwanangu, atalipa popo?” Sikuwa na jibu. Mti bado umesimama, na namba ya simu ya mchuuzi imeandikwa kwa chaki nyuma ya mlango wa jikoni.