Simon Lévy

Simon Lévy (Fes, 1934 – Rabat, 2 Desemba 2011) alikuwa mwanaisimu, mwanasiasa na mtetezi wa urithi wa Wayahudi nchini Moroko. Anajulikana hasa kama mwanzilishi na mkurugenzi wa kwanza wa Makumbusho ya Uyahudi wa Moroko mjini Casablanca.

Siasa na ualimu

Akiwa kijana alijiunga na Chama cha Kikomunisti cha Moroko, wakati nchi ilipokuwa ikidai uhuru kutoka Ufaransa. Baadaye alikuwa miongoni mwa viongozi wa Chama cha Maendeleo na Ujamaa, na diwani wa Casablanca. Alifundisha Kihispania katika Chuo Kikuu cha Mohammed V mjini Rabat, na alitafiti lahaja za Kiarabu zilizozungumzwa na Wayahudi wa Moroko.

Kuhifadhi urithi

Katika miaka ya 1940 Wayahudi wa Moroko walikuwa takriban 250,000. Baada ya kuundwa kwa Israeli mwaka 1948 na uhuru wa Moroko mwaka 1956, wengi wao walihamia Israeli, Ufaransa na Kanada. Leo wamebaki elfu chache tu. Masinagogi mengi yalifungwa, na vitu vingi vya ibada na vya nyumbani vilichukuliwa na wahamaji au kuuzwa.

Lévy mwenyewe hakuhama. Alishikilia kwamba historia hiyo ni ya Wamoroko wote, hivyo inapaswa kutunzwa nchini. Mwaka 1995 yeye na wenzake walianzisha mfuko wa urithi wa utamaduni wa Kiyahudi wa Moroko, akawa katibu mkuu wake. Mfuko huo ulishiriki kukarabati masinagogi ya kale, likiwemo la Ibn Danan mjini Fes, lililojengwa katika karne ya 17.

Makumbusho

Makumbusho yalifunguliwa mwaka 1997 katika mtaa wa Oasis, ndani ya jengo lililokuwa makao ya watoto yatima wa Kiyahudi. Hutajwa kuwa ya kwanza ya aina yake katika nchi za Kiarabu. Huonyesha vitabu vya Torati, taa za Hanuka, mavazi, picha na vifaa vya masonara, kwa kuwa usonara ulikuwa kazi ya Wayahudi wengi wa Moroko.

Baada ya kifo cha Lévy, kazi hiyo iliendelezwa na msimamizi wa makumbusho, Zhor Rehihil, ambaye ni Mwislamu.