Kupanda Karanga, Kupanda Gari: Somo la Nachingwea

Kila nisafiripo kati ya Nachingwea na Ruangwa, nawasikia vijana wenye magari wakiambiana "hop in" au "jump in" pale ambapo "panda" ingetosha. Wengine hukasirika, mimi huikumbuka historia.

Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha Mradi wa Karanga, ambao maeneo yake yalikuwa Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kwa ajili yake ikaanza kujengwa bandari ya Mtwara, pamoja na reli ya kufika Nachingwea. Januari 1951 mradi ulitangazwa kuachwa, baada ya kuteketeza mamilioni ya pauni. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli ikafungwa, kisha ikang'olewa. Kwa Kiswahili twapanda karanga na twapanda gari. Mradi ule ulishindwa katika la kwanza, na kushindwa huko kukatunyima la pili.

Tulibaki na maneno: treni, stesheni, lori, lifti. Sishutumu kukopa. Lifti tumeifanya yetu, na twaiomba barabarani bila aibu. Kosa ni kudhani kwamba "panda" ni neno la kondakta na "hop in" ni la msomi. Afisa amwambiaye hivyo mkulima wa korosho humgeuza mgeni ndani ya gari lililonunuliwa kwa kodi yake.

Wakoloni walijenga reli bila kutuuliza twendako. Ndugu msomaji, tusiijenge lugha ya utumishi kwa mtindo uleule: asiyeuelewa mwaliko hubaki kituoni.