Jinsi Roboti Zilivyojifunza Ishara za Kuaminiwa

Mtu akikutana na mgeni humsoma macho, uso na mikono, kisha huamua kama anaaminika. Watafiti wamegundua kwamba roboti nayo husomwa hivyohivyo.

Mwaka 1970, mhandisi Masahiro Mori wa Japani aliandika kwamba watu huvutiwa na roboti kadiri inavyofanana na binadamu, lakini ikikaribia mno kufanana naye huwatisha. Aliwashauri wabunifu wasitafute mfanano kamili.

Mwishoni mwa miaka ya 1990, Cynthia Breazeal alitengeneza Kismet katika chuo cha MIT, Marekani. Kilikuwa kichwa cha mitambo chenye macho makubwa, nyusi, midomo na masikio yanayocheza. Kismet haikuelewa maneno. Ilitambua kiimbo cha sauti, ikajua inasifiwa, inabembelezwa au inakemewa. Ikikemewa iliinamisha kichwa, na mtu akiisogelea kupita kiasi ilirudi nyuma. Wageni walizungumza nayo kwa zamu, kama wanavyofanya na mtoto mchanga.

Jaribio lililotenganisha kuaminiwa na kupendwa lilichapishwa mwaka 2012 na David DeSteno wa chuo kikuu cha Northeastern, Breazeal na wenzao. Kwanza walichunguza watu kwa watu, wakaona kwamba ishara nne zikija pamoja humfanya mtu atiliwe shaka: kujigusa uso, kujishikashika mikono, kukunja mikono kifuani na kuegemea nyuma. Kisha ishara hizo zikafanywa na roboti Nexi, iliyoongozwa na watafiti kutoka mahali pa siri. Katika mchezo wa kugawana fedha uliofuata mazungumzo na roboti hiyo, washiriki walioziona ishara hizo walitarajia Nexi iwadhulumu. Hata hivyo, waliipenda sawa na wenzao ambao hawakuziona.

Mwaka 2016, watafiti wa Georgia Tech walionyesha hatari ya upande wa pili, yaani kuiamini roboti kupita kiasi. Roboti yenye taa na mikono ya kuelekezea njia iliwaongoza watu ndani ya jengo. Hata pale ilipokwisha kukosea njia mbele yao, kengele ya moto ilipolia na moshi kutanda waliifuata, wakaacha mlango walioingilia.

Ishara za mwili, basi, hujenga imani haraka, lakini hazithibitishi uwezo wa mashine. Mtengenezaji anawajibika kuhakikisha roboti yake haionyeshi uhakika isiokuwa nao.