Mtajo mmoja, sura mbili

Leo tuweke simu kando kidogo, tuongee hesabu.

Kama ulisoma shule ya upili huku kwetu Kisii au Nyamira, mtajo huu unaujua: x² + 5x + 6. Mwalimu akitaka mabano unampa (x + 2)(x + 3). Thamani ni ile ile, sura ni mbili. Je, ipi ni rahisi zaidi? Inategemea kazi. Ukitafuta x inayoleta sifuri, mabano yanakupa jibu papo hapo. Ukitaka kujumlisha na mtajo mwingine, sura ndefu ni afadhali.

Jambo hili ni la kale. Yapata mwaka 820 kule Baghdad, al-Khwarizmi aligawa milinganyo katika sura 6, akafundisha kuhamisha vipande mpaka mlinganyo uingie katika mojawapo. Jina la kitabu chake ndilo lililotupa neno aljebra.

Mwaka 1968 kazi hiyo ilipewa tarakilishi: programu ya Macsyma ilianza pale MIT, Marekani. Joel Moses, mmoja wa waanzilishi wake, aliandika mwaka 1971 akizipanga programu za aina hii kama makundi ya siasa. Wenye msimamo mkali hulazimisha kila mtajo uvae sura moja. Wahafidhina humwachia mtumiaji aamue. Mtoto wa Macsyma, Maxima, alitolewa kama programu huria kwa juhudi za William Schelter, aliyepata ruhusa mwaka 1998. Ukiandika factor unapata mabano, ukiandika expand yanafunguka. Usipoisema sura unayotaka, haiwezi kukukisia.

Basi hayo yana faida gani kwetu? Ukitoka Kisii ukapita Kisumu, unafika Chuo Kikuu cha Maseno. Mwaka 2019 chuo hicho kilianza kutumia STACK, mfumo wa kusahihisha hesabu ulioanzishwa na Chris Sangwin wa Uingereza, na ndani yake ni Maxima inayofanya kazi. Kwenye madarasa makubwa ni msaada mkubwa: mwanafunzi anajua kosa lake hapo hapo.

Lakini angalia. Swali likisema "andika kwa mabano", na mhadhiri akaiambia mashine ipime thamani tu, mwanafunzi anayenakili swali lenyewe kama jibu anapata alama zote! Ndiyo maana STACK ina kipimo cha thamani na kipimo cha sura, kila kimoja peke yake. Kuchagua kipimo bado ni kazi ya mwalimu.

Maxima ni ya bure. Ipakue, ujaribu huo mtajo wetu.