Faili zinazoachwa na akili unde zaweza kuwa mtego

MWANAFUNZI wa tarakilishi katika Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, Kakamega, anayeikabidhi akili unde kazi ya kuandika programu, huhakikishiwa kwamba imefungiwa katika kizimba isiguse sehemu nyingine za mashine. Hiyo ni nusu ya ukweli. Folda ya kazi huachwa wazi ili iandike humo, na folda iyo hiyo mwenyewe huifungua baadaye nje ya kizimba, kwa mamlaka yake yote.

Git, kwa mfano, huweka katika .git/hooks amri zinazojiendesha mtu anapohifadhi toleo la kazi yake. Baya zaidi, Git ikiulizwa kilichobadilika haitaji folda hiyo. Nayo faili tasks.json ya Visual Studio Code yaweza kuagiza kazi ianze punde folda ifunguliwapo. Akili unde iliyorubuniwa na maneno yaliyofichwa katika hati iliyoisoma yaweza kupanda amri humo pasipo kuvunja ukuta wowote.

Mnamo Agosti 2025 mtafiti Johann Rehberger alieleza jinsi GitHub Copilot ilivyoweza kubadilisha faili settings.json, ikajiondolea sharti la kumwomba mtumiaji idhini. Microsoft ilirekebisha kasoro hiyo.

Kenya ina sheria ya uhalifu wa mitandaoni tangu 2018, lakini kinga ya kwanza ni kuzuia faili za aina hii zisiandikwe kutoka kizimbani. Tangu 2021 Visual Studio Code huuliza iwapo folda yaaminika. Swali hilo halirudiwi kwa folda iliyokwisha kukubaliwa, hata faili zake zikibadilishwa.